Presha haingoji kikao kiishe

Fungua daftari la vihatarishi la taasisi yoyote, iwe halmashauri, benki au shirika la misaada. Humo utakuta moto, mafuriko, wizi wa fedha, mfumo wa kompyuta kudukuliwa, mfadhili kujitoa katikati ya mradi. Kila kihatarishi kimeandikiwa uwezekano wake wa kutokea, madhara yake na cheo cha ofisa anayekisimamia. Sasa tafuta mstari unaosema kwamba mkurugenzi anaweza kuanguka kwa kiharusi. Ni nadra kuukuta, ingawa chanzo kikubwa cha kiharusi hupimika kwa dakika kumi, tena kwa mashine inayouzwa kwenye duka la dawa la mtaani.

Naandika kwa ajili ya wakuu wa shule, waganga wafawidhi, wakurugenzi, mameneja wa matawi na wa vyama vya ushirika, na kila mtu ambaye simu yake ikizimwa kwa saa mbili watu wanaanza kuulizana. Watu hawa hawakosi elimu ya afya. Wengi wamefungua semina za magonjwa yasiyoambukiza na kuzihutubia. Wanachokosa ni nafasi. Ushauri wanaopewa kila mara, wa kujipenda, kupumzika na kunywa maji mengi, haufiki popote kwa sababu unategemea nia, na nia ya kiongozi humalizwa na shughuli za ofisi kabla ya adhuhuri. Atapunguza kazi baada ya bajeti, baada ya ukaguzi, baada ya mitihani ya kidato cha nne. Kinachomlinda mtu wa namna hii ni mpangilio. Kinga yake iandikwe kwenye shajara ya ofisi, iwe na watu wa kuisimamia, na itendeke hata katika wiki ambayo yeye mwenyewe ameisahau.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa makadirio ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake yalikadiria vifo 745,000. Hesabu saa zako kwa uaminifu, ukiingiza safari za Jumapili jioni na simu za saa nne usiku. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini meneja anayesimamia wafanyakazi wengine na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu yuko nje ya masharti hayo. Walio chini yako wamewekewa ukomo na sheria. Wa kwako itabidi uuweke mwenyewe.

Anza na presha

Nikiambiwa nichague jambo moja tu kiongozi alifanye mwaka huu, nachagua presha. WHO lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Wasiojua si wazembe. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Mtu anaendesha kikao cha bodi kuanzia asubuhi hadi jioni, anajibu hoja zote, anacheka na wajumbe, huku mishipa ya figo na ubongo inaendelea kuharibika. Anayesubiri dalili anasubiri madhara.

Shida nyingine ni namna tunavyopima. Kiongozi anafika kliniki akitoka kwenye foleni, simu sikioni, anafungwa mkanda wa mashine juu ya shati la mikono mirefu, na anaendelea kuzungumza na muuguzi wakati mashine inapuliza. Namba inatoka kubwa. Anasema ni uchovu wa leo, anaondoka. Tangu siku hiyo ana sababu ya kuipuuza hata namba ya kweli.

Basi pima hivi. Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala chai, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha namba. Keti kwenye kiti chenye mgongo na uegemee, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, bila kukunja nne. Mkono usiwe na nguo, ulale juu ya meza usawa wa moyo. Simu ibaki chumba kingine. Kaa kimya dakika 5, kisha pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, na uandike namba zote, hata ile usiyoipenda. Mashine iwe ya kufunga mkono wa juu, ile ya kifundo cha mkono iache. Angalia pia ukubwa wa mkanda: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko hali halisi.

Fanya hivyo kwa siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni. Acha namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa siku zilizobaki, kisha mpelekee daktari karatasi hiyo. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu unahitaji mazungumzo naye. Kliniki, 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti ndicho kiwango ambacho WHO linakitumia kuthibitisha ugonjwa. Ukiona 180/120 au zaidi, tulia dakika chache urudie. Ikibaki hapo hapo mtafute daktari siku hiyo hiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ganzi ya upande mmoja au kuona ukungu, nenda hospitali bila kumaliza unachokifanya.

Wiki hiyo ya kupima iwe mara mbili kwa mwaka, na iwe wiki ya kawaida ya kazi. Wapo wanaosubiri likizo ndipo wapime, wakafurahi. Wamepima presha ya shambani kwa wazazi, wakati presha inayowatafuna ni ya ofisini.

Vipimo vingine vichukuliwe mara moja kwa mwaka, na tarehe rahisi kuikumbuka ni mwezi uliozaliwa. Sukari kabla ya kula chochote asubuhi: 7.0 kwenda juu, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ikirudiwa na kuthibitika, ni kisukari. Mafuta kwenye damu. Kreatinini na protini kwenye mkojo, ili kujua hali ya figo. Mzunguko wa kiuno, ambao hauhitaji maabara: futi ya fundi cherehani inatosha, na hatari huanza kupanda baada ya sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Ukishapita miaka 40, macho nayo yapimwe presha yake, maana glakoma huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na hula uoni wa pembeni kimyakimya kwa miaka. Wanawake wasiache uchunguzi wa mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. WHO linashauri kipimo cha virusi vya HPV kuanzia miaka 30, kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa anayeishi na VVU kianze akiwa na miaka 25 na kirudiwe mapema zaidi. Wanaume wazungumze na daktari kuhusu tezi dume wakikaribia miaka 50, na mapema zaidi kama baba au kaka aliugua.

Kundi moja nataka kulisemesha peke yake: waganga wafawidhi na wakuu wa idara hospitalini. Ninyi ndio mnaojitibu wenyewe kuliko wote. Dawa mnazo, maabara ni yenu, na hakuna kijana wa chini yenu atakayethubutu kumwambia bosi kwamba namba zake ni mbaya. Tafuta daktari asiye chini yako, katika kituo usichokisimamia, umfungulie faili kwa jina lako kamili, na ukifika kwake uwe mgonjwa kama wagonjwa wengine.

Shajara iko kwa katibu muhtasi

Kila ofisi kubwa ina mtu anayejua mkubwa atakuwa wapi Alhamisi saa nane. Mtu huyo ndiye mshirika wako mkuu wa afya, na inawezekana kabisa hujawahi kumwambia. Mwanzoni mwa kila robo ya mwaka kaa naye nusu saa. Kabla ya kuingiza bodi, kamati na safari, ingizeni kwanza wiki ya presha, vipimo vya mwaka, likizo, mlo wa mchana na siku za mazoezi. Ziandikwe "Miadi" kama hutaki kila mtu azijue. Kisha mpe amri moja ya wazi: miadi hii inaweza kusogezwa, haiwezi kufutwa, na ikisogezwa lazima ipate tarehe mpya ndani ya siku 14. Umempa nguvu ya kukukatalia. Siku akiitumia, mshukuru mbele ya watu, la sivyo hataitumia tena.

Vikao viwe vya dakika 50 badala ya saa nzima. Hizo dakika 10 si za kupokea simu. Ni za kusimama, kwenda msalani, kunywa maji na kutembea hadi mwisho wa korido. Anayekaa saa sita bila kwenda haja kwa sababu ratiba haina mwanya, na kwa hiyo anajinyima maji kwa makusudi, yuko katika hali ambayo hakuna mkaguzi wa kazi angeikubali kwa mfanyakazi wa kiwandani.

Wanaodhani ofisi haiwezi kungoja, watazame adhuhuri inapoingia. Wajumbe Waislamu huinuka, husali, hurudi, na kikao huendelea bila taasisi kupata hasara. Ijumaa mchana vivyo hivyo, na Jumapili asubuhi kwa Wakristo. Hizi ni nafasi zilizokwisha kuheshimiwa na kila mtu, kwa hiyo ndizo mahali pazuri pa kupachika tabia mpya. Tembea dakika 10 baada ya swala. Pima presha Jumapili jioni. Tabia inayoshikamana na jambo ambalo tayari huliachi hudumu kuliko ile inayoanzishwa peke yake hewani.

Chakula cha vikao nakiona kama jambo la madaraka. Saa nne asubuhi huja chai ya maziwa yenye sukari iliyokwisha kutiwa, sambusa, maandazi na soseji. Saa kumi soda. Mwenye kuhudhuria vikao vinne kwa wiki anakula hivyo mwaka mzima bila kuchagua. Lakini kiongozi ana kalamu. Oda ya vitafunwa huidhinishwa na ofisi yake, na dokezo moja linabadilisha sinia nzima: mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga zisizo na chumvi, ndizi na machungwa, maji ya kutosha, sukari pembeni kila mtu ajitilie. Umejikinga wewe, umemkinga na mhudumu anayekula mabaki ya kikao. Kuhusu chumvi, kiwango cha WHO ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Nyama choma ya Ijumaa ikiwa na chumvi pembeni, na mchuzi uliotiwa vidonge vya kuungia, inaweza kukimaliza peke yake. Na mlo wa usiku wa saa nne, baada ya foleni, uwe mdogo. Mlo mkubwa uhamie mchana, ndiyo sababu umeingizwa kwenye shajara.

Usiku

Hapa ndipo viongozi wengi huumizwa, na pia ndipo mpangilio wa kazi unapoweza kusaidia zaidi kuliko dawa. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi. Watafiti Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997, nchini Australia, kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa kiwango cha mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa kumi alfajiri kuukimbia msongamano wa barabara amefikisha saa hizo 17 ifikapo saa tatu usiku. Na saa tatu usiku ndiyo saa anayojibu kundi la WhatsApp la wakuu wa idara, anayoamua mhasibu asimamishwe kazi, anayotuma ujumbe mrefu wa hasira utakaosomwa na watu ambao hakuwakusudia. Jiwekee sharti: baada ya saa tatu usiku huandiki adhabu, husaini malipo, hujibu lawama. Asubuhi ujumbe ule ule utauandika kwa mistari miwili.

Lakini kuzima simu si ushauri wa kumpa mkuu wa shule ya bweni. Yeye ana watoto wa watu mia kadhaa usiku ule. Kwake kazi ianzie kwenye aina ya simu zenyewe. Chukua simu za usiku za mwezi mmoja uzipange: utaona kwamba nyingi ni za kuomba ruhusa. Mwanafunzi ana homa, je, apelekwe kituo cha afya, na nauli ya bodaboda au teksi itoke wapi? Maji yamekatika bwenini, tufanyeje? Mzazi yuko getini. Mwalimu wa zamu analijua jibu, ila hana idhini wala fedha. Mpe vyote viwili kwa maandishi: kiasi kidogo cha fedha taslimu kilichosainiwa, namba ya dereva, na mipaka ya anachoweza kuamua. Kisha andikeni pamoja mambo yanayomwamsha mkuu: moto, mgonjwa mahututi, mwanafunzi asiyeonekana, vurugu, kifo. Mengine yanangoja saa kumi na mbili asubuhi. Kwa meneja wa kiwanda au mganga mfawidhi orodha itakuwa tofauti, mantiki ni hiyo hiyo. Namba ya dharura iwe moja, na mlio wake uwe tofauti, ili simu nyingine ziwe kimya bila wewe kulala kwa wasiwasi.

Msikilize pia unayelala naye. Akikwambia unakoroma sana, na kwamba pumzi hukatika kisha unashtuka, na wewe mchana unasinzia hata kwenye gari, mwambie daktari. Hali hiyo hupandisha presha na inatibika.

Safari za usiku ziache. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, wanaoitwa kwenye kamati za Bunge au wizarani hawana tena ulazima wa kusukuma gari usiku kucha ili wafike kikao cha saa tatu. Na dereva wako, ambaye hukungoja kwenye kila hafla hadi usiku wa manane, naye anahitaji saa zake 7. Mfundishe dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kukorogeka. Akiziona asikupeleke nyumbani wala asingoje idhini ya mtu, akupeleke hospitali yenye mashine ya CT ya kupiga picha ya ubongo, na aangalie saa aliyokuona mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na wataalamu watamuuliza hilo kwanza.

Mazoezi nayapitia haraka kwa kuwa unayajua. Dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokutoa jasho kidogo, na siku mbili za kazi ya misuli. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, alijulikana kwa kupenda mazoezi ya kutembea, na alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 98. Tangu Desemba 2016, Jumamosi ya pili ya kila mwezi imetangazwa nchini kuwa ya mazoezi. Ningekushauri ujiunge na kikundi cha jogging cha mtaani kwako kuliko cha ofisini. Cha ofisini utabaki mkubwa. Watu watapunguza mwendo kukungoja na watakuletea mafaili ya mdomo njiani. Cha mtaani watakukimbia, na Jumamosi usipoonekana watakupigia simu kukuuliza.

Onyo moja ambalo silisikii likitajwa vya kutosha: vidonge vya maumivu. Kichwa kinagonga, mgongo unauma kwa kukaa, na kwenye droo kuna diklofenaki au ibuprofeni, inayomezwa kila siku mbili tatu bila cheti. Dawa za kundi hilo hupandisha presha na huumiza figo na tumbo zikitumiwa kwa muda mrefu, na mwenye presha au kisukari anaumia zaidi. Ukiona unazihitaji kila wiki, kinachotakiwa ni kujua chanzo cha maumivu.

Moyo uliochoka

Mwaka 2019 WHO liliingiza uchovu mkali wa kazi katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, ICD-11, likiueleza kama hali inayotokana na kazi na si ugonjwa. Lilitaja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kuwa mbali kimawazo na kazi au kuiona kwa kejeli, na kuona huna unachokifanikisha. Sura ya kwanza kila kiongozi anaitambua. Ya pili ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa sababu huja ikiwa imevaa nguo za ukali wa kazi. Mkuu aliyekuwa anajua majina ya watoto wa wahudumu anaanza kuwaita "hawa watu". Kila anayegonga mlango anaonekana mwongo. Msiba wa mtumishi unamkera kwa sababu umevuruga ratiba. Ukijiona hapo, usijihukumu kwamba umekuwa mtu mbaya, na usisubiri mpaka watumishi wakuogope. Hiyo ni dalili ya mzigo, ishughulikie kama ungeshughulikia namba ya presha.

Cha kwanza ni mtu wa kuzungumza naye aliye nje ya mnyororo wako wa madaraka. Asiwe naibu wako, kwa sababu analenga kiti au anakuonea huruma. Mwenzi wako naye asibebeshwe kila kitu kila usiku. Mwenzio wa cheo kile kile katika taasisi nyingine anafaa sana. Wakuu wa sekondari Tanzania wana umoja wao, TAHOSSA, na mikutano yake hujaa ajenda. Lakini wakuu watatu wa wilaya moja wanaokutana kwa chai kila mwezi, bila kumbukumbu za kikao, hupata kinachokosekana kwenye ajenda. Pombe ya kila usiku ya kutafuta usingizi isihesabiwe kuwa mapumziko; huvuruga usingizi wenyewe na hupandisha presha. Na huzuni ikizidi wiki mbili, hamu ya kila kitu ikapotea, au yakaja mawazo ya kufa, nenda kwa mtaalamu wiki hiyo hiyo. Huduma zipo Muhimbili, zipo Mirembe Dodoma, zipo katika hospitali nyingi za rufaa. Ukiogopa kuonekana, nenda mji mwingine. Wahudumu wa afya wamefungwa na wajibu wa kutunza siri, na kiongozi anayetibiwa anaweza kabisa kuendelea na kazi.

Ikiwa umeshaanza dawa, za presha au za sukari, zimeze kila siku. Namba zikishuka ni kwa sababu ya dawa, na kuziacha kwa sababu namba ni nzuri ndilo kosa linalowarudisha wengi wodini. Anayefunga Ramadhani amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili saa za dawa zipangwe upya kati ya futari na daku.

Likizo na kaimu

Sheria ya Tanzania inatoa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ya Kenya, siku 21 za kazi. Viongozi wengi huzilimbikiza, huku wakijisifu kwamba hawajapumzika miaka mitatu. Chanzo si ubahili wa mwajiri. Ni kwamba hawana mtu wa kumwachia ofisi, na hawanaye kwa sababu hawajamwandaa.

Mwandae kidogo kidogo. Chagua siku moja kila mwezi ambayo msaidizi wako anaendesha ofisi wewe ukiwapo mjini lakini hupo ofisini. Mwezi wa kwanza atakupigia simu mara nyingi. Kila simu iandike: inakuonyesha pale ambapo hukumpa taarifa, saini au fedha. Baada ya miezi michache, chukua siku tano mfululizo. Barua ya kukaimu isiwe ya mistari miwili. Itaje kiwango cha fedha anachoweza kuidhinisha, barua anazoweza kusaini, mambo matatu au manne yanayokungoja, na watu wa nje wanaotakiwa kujua kwamba kwa siku hizo yeye ndiye mwenye ofisi. Wape nakala benki, mwenyekiti wa bodi na wakuu wa idara, ili asije mtu akamruka na kukutafuta shambani. Ukilazimika kuwasiliana, iwe simu moja kwa siku, dakika 20, saa nne asubuhi, kupitia kwake peke yake.

Ukirudi, siku ya kwanza usibadilishe uamuzi wake hata mmoja, isipokuwa unaovunja sheria au kuhatarisha mtu. Mwombe aeleze aliamua nini na kwa nini. Katika yale aliyoyaamua vizuri, chagua mawili ambayo hutayachukua tena, umwandikie barua ya kumkabidhi moja kwa moja, na umwambie katibu muhtasi ayaondoe kwenye shajara yako.